Gari Liliondoka Wiki Moja Kabla

Nimekosa, na sitaki mnisaidie kuliita kosa langu kwa jina jepesi. Nilimtaja mtu asiye na hatia, wakamchukua. Nilipoujua ukweli, nikanyamaza. Jina langu nalificha kwa sababu bado naishi Ngagara, na majirani wengine wanajua nusu tu ya habari.

Miaka ile ya vita nilifanya kazi kwenye depo moja, mtaa wa viwanda, hapa Bujumbura. Tulihifadhi maziwa ya unga na dawa kwa watoto wenye utapiamlo. Mimi nilipanga safari za malori kwenye kompyuta.

Wakubwa wetu walikuwa Ulaya. Walituma mpango wa mwaka mzima kwa namba za wiki, si kwa tarehe: wiki hii kituo fulani, wiki ile kituo kingine. Basi nikatengeneza jedwali. Safu moja ina tarehe, safu ya pembeni ina fomula inayotoa namba ya wiki. Mwaka wa kwanza jedwali halikukosea hata mara moja, na chef, mkuu wetu pale depo, akanisifu mbele ya wenzangu. Mwaka uliofuata nilibadilisha tarehe ya juu tu, nikaivuta fomula mpaka chini, nikaenda kula.

Sikuangalia. Hapo ndipo jambo lilipoanzia, ingawa hilo si kosa ninalolilia.

Mtunza ghala wetu alikuwa Yusufu, mtu wa Buyenzi, umri wa kaka yangu mkubwa. Tulikula pamoja mchana, yeye wali wa mkewe, mimi maharage yangu. Siku moja risasi zilipolia upande wa soko, alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu kwa kupita vichochoro, kisha akarudi peke yake. Mtu kama huyo ndiye niliyemuuza.

Wanaokumbuka miaka ile watanielewa. Tulikuwa tunapimana kimyakimya. Nani anashusha sauti kwenye simu mtu akiingia. Nani ana ndugu kule ambako hupaswi kuwa na ndugu. Nani aliondoka kazini mapema siku barabara ilipofungwa. Ukishaanza kumtazama mtu hivyo, kila anachofanya kinakuwa ushahidi.

Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa tangu Januari. Ilipofunguliwa, gari la kwanza la kituo cha Ruziba lilipangwa kwenda wiki ya kumi na tisa, na askari wa kulisindikiza. Chef aliandika barua ya kuomba askari kabla ya kwenda likizo kwao. Barua ilisema semaine dix-neuf, wiki ya kumi na tisa, basi; tarehe haikuwamo. Aliyeipeleka kambini ni Yusufu.

Na Yusufu alikuwa akiniuliza, "Dada, gari ya Ruziba inaenda wiki gani?"

Nikamwambia. Baada ya siku chache akaniuliza tena, "Haijabadilika? Mi nataka nijue sawasawa."

Siku nyingine nilimkuta ananong'ona kwenye simu ya ofisi. Aliponiona akakata. Niliweka moyoni.

Wiki ya kumi na tisa ilipofika kwenye jedwali langu, gari liliondoka asubuhi. Dereva alikuwa Evariste, kijana mpole aliyekuwa ameoa mwaka ule. Alipofika kwenye kizuizi cha Kanyosha akaniita kwa redio.

"Hawa maaskari hawana habari yetu. Wanasema tunaweza kupita, lakini hakuna wa kutusindikiza."

Nikatazama skrini. "Wiki ni hii hii. Watakuwa nyuma yenu. Endelea polepole, watakufikia."

"We una hakika?"

"Nina hakika."

Hawakumfikia. Gari lilipigwa risasi kabla ya Ruziba. Evariste alipigwa pajani, akatambaa mpaka kwenye mfereji, na wakulima ndio waliomtoa. Mguu wake haujanyooka tena mpaka leo. Maziwa yote yalichukuliwa.

Kesho yake walikuja wanaume wawili wa usalama, wenye nguo za kiraia. Walitukalisha mmoja mmoja kwenye ofisi ya chef. Swali lao lilikuwa moja: nani alijua siku ya safari, na kwa nini askari hawakuwepo?

Niliogopa. Ni mimi niliyepanga, ni mimi niliyemwambia dereva aendelee. Niliona wananitazama, nikataka watazame kwingine.

Nikasema, "Barua aliipeleka Yusufu. Na amekuwa akiniuliza sana juu ya gari hilo."

"Huwa anapiga simu? Anamupigia nani?"

"Sijui. Lakini ananong'ona."

Hayo tu. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo.

Walimpakia kwenye gari pale uani, mbele ya ghala. Alikuwa na funguo mkononi. Alinitafuta kwa macho, akanirushia. "Dada, nishikie." Hakujua.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyofuata, Jumatatu, gari la jeshi lilisimama getini. Akashuka luteni mmoja, mtu wa adabu, ana barua ya chef mkononi.

"Tumekuja kwa safari ya Ruziba."

Nilikasirika. "Afande, mumechelewa wiki nzima. Gari letu limeisha pigwa."

"Tulisikia gari limepigwa, tukajua ni safari nyingine. Yenu ni wiki hii." Akatoa agenda mfukoni, kijitabu cha kalenda, vile vya Ulaya vyenye namba ya wiki pembeni ya kila ukurasa. "Soma mwenyewe. Dix-neuf."

Nikasoma. Ilikuwa kumi na tisa. Kwenye skrini yangu ilikuwa ishirini.

Nikamwambia mpango umebadilika, tutawaita. Akapiga saluti, akaondoka.

Nilifunga mlango nikafungua jedwali kutoka juu. Mwaka ule Januari mosi ilikuwa Ijumaa. Kompyuta ilikuwa imeihesabu Ijumaa ile na Jumamosi yake kuwa wiki ya kwanza, halafu Jumapili ikaanza ya pili. Ulaya hawahesabu hivyo. Wiki yao inaanza Jumatatu, na ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Kwao wiki ya kwanza ilianza Jumatatu ya kwanza ya Januari. Kwangu Jumatatu ile ilikuwa tayari wiki ya pili. Mwaka uliotangulia Januari mosi iliangukia Alhamisi, ndiyo maana hesabu zilikubaliana. Na tangu mwaka uanze nilikuwa natuma magari wiki moja kabla. Vituo vya mjini vilipata maziwa mapema, nani angelalamika?

Yusufu aliifikisha barua. Askari waliisoma sawa. Aliyempeleka Evariste peke yake kwenye barabara ile ni mimi.

Nilirekebisha fomula. Halafu nikakaa kimya.

Nilijiambia: nikisema, nani ataamini kwamba ni hesabu? Watasema mwanamke huyu ndiye aliyesogeza tarehe makusudi, na kuna mtu alimwagiza. Wataulizia jina la baba yangu, kilima alikozaliwa, nani ananitembelea nyumbani. Nilijua wanavyofikiri kwa sababu nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo.

Mke wa Yusufu, Mama Hadija, alikuja ofisini. Alikaa kwenye kiti cha mumewe.

"Dada, we ni rafiki yake. Andika hata neno moja, useme unamujua. Mi nakwenda kule walikomufunga kila Ijumaa, na kila Ijumaa amepungua."

Nikamwambia tungojee chef arudi. Nikampa maji ya kunywa. Alishukuru.

Alirudi tena mara mbili, na mara zote nilikuwa na jibu.

Walimwachilia bila maelezo, labda kwa kuchoka naye. Hakurudi kazini. Nilisikia kwamba sikio lake la kushoto halisikii tena. Nikashindwa kula. Siku ya Jumapili nikaenda Buyenzi.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Alifurahi kuniona, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Nilimwambia yote: jina lake nililotaja, luteni, agenda, fomula, kimya changu. Nilisemea upande wa sikio zima, kwa sauti ndogo.

Hakunitukana. Alichezea ukingo wa mkeka.

"Mi nilikuuliza juu ya gari kwa sababu dada yangu anakaa Ruziba," akasema. "Alikuwa mugonjwa. Nilitaka nipande gari nimuone. Chef anakataza kupandisha watu, ndiyo maana nilikuwa nanong'ona. Nilikuwa namupigia paroko wa kule, padri mwenye simu, amwambie nakuja."

"Amepona?"

"Alikufa nikiwa ndani."

Nilianza kulia, akanizuia kwa mkono.

"Apana. Usinililie. Ingia ndani umwambie mke wangu."

"Yusufu, siwezi."

"Utaweza. Kila Ijumaa alikuwa ananishika mkono ananiuliza, 'Baba Hadija, niambie mi peke yangu. Ulifanya?' Nikamwambia apana. Ijumaa ingine ananiuliza tena. Mpaka leo tunalala kitanda kimoja na hana hakika. Mi siwezi kujitetea kwa mke wangu mwenyewe. We mwambie."

Niliingia. Mama Hadija alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nilipomaliza aliweka ungo chini, akapita pembeni yangu kama mtu apitaye nguzo, akatoka uani. Nilimsikia anasema, "Baba Hadija, nisamehe." Mimi sikusemeshwa.

Kesho yake nilimwambia chef, aliyekuwa amerudi. Aliniandikisha ripoti, na mkataba ulipoisha haukuendelezwa. Nilikwenda pia kwa Evariste. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nitoke. Mpaka leo tukikutana mjini anavuka barabara, na anavuka taratibu kwa sababu ya mguu.

Ninyi mnaopanga kazi kwa namba za wiki, andikeni na tarehe ya Jumatatu pembeni, na muulizane mnahesabu vipi kabla mwaka haujaanza. Hilo ni dogo.

Mkihojiwa juu ya mwenzenu, semeni mlichokiona, na mseme pia msichokijua. Na mkigundua mmekosea, semeni siku hiyo hiyo, hata kama mnatetemeka. Fomula niliirekebisha kabla chai yangu haijapoa. Yusufu aliendelea kukaa ndani, Ijumaa baada ya Ijumaa, nami nilikuwa naenda kazini, nafungua kompyuta, nasalimia watu.