Mama Mkwe Alivyonikanda Bila Kunigusa

Shingo iliponishika, mwaka ule ofisi yetu ilipoamriwa kuingiza majalada ya zamani kwenye kompyuta, niliuona ni ugonjwa wa heshima. Wakulima wanaumwa mgongo. Sisi watu wa masijala tunaumwa shingo. Nilipita mitaa ya Singida nimekakamaa, na kila aliyenipa pole nilimjibu kwa sauti ya uchovu wa msomi kwamba ni kazi, bwana, ni kompyuta.

Heshima yenyewe iliisha baada ya wiki mbili. Kulala upande wa kulia taabu, wa kushoto taabu, na asubuhi kuvaa shati ilikuwa ugomvi. Mkuu wetu alitangaza mbele ya ofisi nzima kwamba asiyeweza kukaa kwenye kompyuta aseme mapema, maana wanaokitaka kiti chake ni wengi. Hakunitaja, lakini alikuwa ananiangalia mimi. Hapo nikaogopa kwelikweli. Nilikuwa sijui kazi nyingine, na nyumbani nilishazoea kuitwa mtu wa ofisi.

Basi nikaanza kutafuta tiba, na ujinga wangu nikatembea nao. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye utaalamu wake wote kaupata kwenye video, alinipitisha taulo kidevuni akanivuta kichwa mbele ya wananchi waliokuja kuulizia hati zao. Mama mmoja akauliza kama huyu ndiye anayehudumia au ndiye mgonjwa. Nikaenda saluni moja ya masaji. Dada wa pale alinipaka mafuta yanayonukia maua, akaniwekea muziki wa maji yanayotiririka. Nikasinzia vizuri sana. Nilipoamka shingo ilikuwa palepale, ila sasa inanukia.

Halafu akaja bwana wa koti jeupe, aliyejipangia chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mezani ana uti wa mgongo wa plastiki. Alinieleza kwa nusu saa kwamba pingili zangu zimehama. Sikumuuliza zimehamia wapi. Alinishika kidevu akanizungusha kichwa ghafla, kikalia ko! Akatabasamu, eti umesikia? Nilisikia. Nilitoka mle nimeshika ukuta kwa kizunguzungu, na kesho yake nikaamka vibaya kuliko jana.

Hospitalini ndiko nilikokutana na mtu mwenye akili, na nikamdharau. Dada wa mazoezi ya viungo alinipima nguvu za mikono, akanigusagusa shingo, akasema ni misuli imechoka kuinama. Nisikubali tena kuzungushwa kichwa na mtu yeyote. Niinue kompyuta ilingane na macho, ninyooke kila mara, nipate mtu wa kunikanda taratibu, na nikiona ganzi mikononi nirudi haraka. Hakuniandikia hata kidonge. Nikaondoka nimenuna. Mtu mzima unapanga foleni tangu asubuhi, unaambiwa ukainue kompyuta!

Nilimsimulia mke wangu nikitegemea aungane nami kulalamika. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni, na maneno huwa anayapima. Alisema mtu wa kunikanda yupo, ni mama yake.

Mama mkwe wangu yuko kijijini Sepuka. Anakanda watu tangu sijazaliwa: wanawake waliotoka kujifungua, wanaume walioanguka na mkokoteni wa ng'ombe. Watu wanamfuata kutoka mbali. Na mimi, kwenye sherehe moja, nikiwa nimeshiba kuku wake, nilimwita mbele ya mashemeji "profesa wa kubonyezabonyeza". Walicheka sana. Yeye alikuwa jikoni, na jikoni pale kila kitu kinasikika.

Sikuwa na uso wa kumpelekea shingo. Lakini hilo sikulisema. Nilisema mila. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Sasa anishike shingo? Haiwezekani! Mke wangu alinitazama weee. Mimi ninayeziita mila ushamba kila mwaka, leo nimekuwa mlinzi wake.

"Sawa," alisema. "Basi ikukande hiyo mila."

Jumamosi iliyofuata nilishindwa hata kuinua kikombe vizuri, na Jumatatu mkuu alikuwa anataka majalada ya kata nzima. Nikaufyata mkia, tukaenda Sepuka.

Mama mkwe alikuwa ameshapanga kila kitu. Nikawekewa kigoda sebuleni, mgongo nimeupa mlango wa chumba chake. Yeye akakaa nyuma ya pazia, kalifunua kiasi cha kuona shingo tu. Shikamoo yangu ilipita kwenye kitambaa, na marahaba ikarudi humohumo. Mke wangu akasimama nyuma yangu na mafuta ya alizeti mkononi.

"Mwambie mkwe ashushe mabega," ikasema sauti.

"Mama anasema ushushe mabega."

Niko hatua mbili, nimesikia. Nikasema mwambie nimeshusha. Sauti ikasema mwambie hajashusha.

Tukaenda hivyo saa nzima. Panda kidogo, shuka, hapo usibonyeze, zungusha kidole gumba, mwambie apumue, huyu mtu hapumui. Vidole ni vya mke wangu lakini akili ni ya nyuma ya pazia, na ilijua maumivu yangu yalipo kabla sijayasema. Nilipogeuza kichwa kikaenda. Si chote, lakini kikaenda. Nilitaka kulia, jamani.

Kisha mama mkwe akauliza kwa Kinyaturu huwa nainamia nini. Nikadakia kwamba ni kompyuta, kazi za serikali. Mke wangu akatoa ushahidi wake taratibu: anainamia simu. Mezani simu, kitandani simu, mtoto akimsomea daftari, simu. Nilisubiri mama mkwe anirudishie lile neno la profesa, na ningestahili.

Hakulirudisha. Alimuuliza mwanawe, "Na wewe je, ya kwako anaikanda nani?"

Vidole vikasimama shingoni mwangu.

"Mwambie mkwe ainuke. Kaa wewe."

Nikainuka, mke wangu akakaa. Nikaweka vidole gumba pale nilipoelekezwa, chini ya ukosi wa gauni alilolishona mwenyewe. Palikuwa pagumu kama kamba iliyoloa ikakaukia juani. Nilipobonyeza akashika magoti kwa mikono yote miwili. Miaka tisa ya ndoa, na nilikuwa sijawahi kuweka mkono pale kwa nia ya kumsaidia.

"Taratibu, mkwe," mama mkwe akasema, safari hii akiniambia mimi moja kwa moja.

Nikamuuliza mke wangu imeanza lini. Akasema tangu mtoto wa kwanza, tangu alipoanza kushona sare za shule. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia," alisema. "Mara nyingi tu. Unajibu mh, macho yako kwenye simu."

Niliendelea kukanda, vibaya, mpaka mikono ikachoka, na mke wangu hakuniambia niache.