Mbwa wa Marehemu na Mume wa Mtu

Mume wangu alipofariki aliniachia mbwa mdogo mweupe ambaye sikumpenda. Alikuwa amemleta kutoka kazini, ndani ya koti, na tangu siku hiyo akirudi alimsalimia mbwa kwanza, mimi baadaye. Kwetu Kivu mbwa hulala nje, si kama huku ughaibuni. Huyu alilala miguuni pa mume wangu. Nilimwonea wivu mnyama, sina la kuficha.

Baada ya mazishi mbwa alihamia mlangoni, akawa anasikiliza ngazi. Kila aliyepanda alibwekewa. Siku moja akamrukia mleta barua, akampasua suruali. Mwenye nyumba akanionya: ikitokea tena, mbwa aondoke. Hapo ndipo nilipojua sitaki aondoke. Ndani ya nyumba ile, yeye peke yake alikuwa bado anamngoja mtu ninayemngoja mimi.

Mwanangu anayeishi Louisville aliniambia kwa simu, "Maman, ile imbwa iko na woga, njo maana inaluma. Haijazoea watu wala imbwa zingine. Uipeleke ku uwanja ya imbwa."

Wifi yangu wa Columbus aliposikia alicheka. "Mufiwa anatembeza imbwa. Bon, umeshakuwa muzungu."

Nikaenda. Uwanja wenyewe una uzio, mbwa hufunguliwa humo wacheze na wenzao, na hauko mbali na nyumba zetu za mbao za mtaa wa West Side. Kwa kuogopa mbwa wakubwa wasimuumize, nilimfunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Nilipoingia tu, mbwa watatu waliuparamia mgongo wangu. Nikawa nazunguka, nao wanazunguka, wangu analia sikioni mwangu. Mwanamke mmoja akanijia haraka, akawafukuza.

"Mama, toka naye kwanza," alisema kwa Kiswahili cha Kenya. "Ukimbeba hivyo wanaona umewaletea mpira."

Tulipofika nje alicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Dada yule alikuja mjini kusoma, sasa anafanya kazi ofisini, na ana mbwa mdogo kama wangu. Alinifundisha taratibu. Siku za kwanza tulitembea nje ya uzio tu, mbwa wanusane kupitia nyaya. Kisha upande wa mbwa wadogo, saa ambayo hakuna watu wengi. Pana malango mawili. Kamba unaifungua ukiwa kati ya malango hayo, kwa sababu mbwa aliyefungwa kati ya walio huru anajiona amenaswa, anauma. Akibana mkia, mpe nafasi. Muondoke angali anafurahi. Wangu alijifunza upesi kuliko mimi. Hata kwenye ngazi za nyumbani akaacha kubweka.

Ndipo mume wa yule dada akaanza kuja kumchukua mkewe, Jumamosi, akitoka kazini. Mwanaume wa kawaida, mabuti ya kazi, sauti nzito kama ya marehemu. Siku ya kwanza mbwa wangu aliisikia sauti ile akasimama wima, kisha akakimbia, masikio nyuma, mwili wote unatikisika, akajitupa juu ya yale mabuti. Kwangu hakuwahi kukimbia hivyo. Na yule dada akampokonya mumewe kikombe cha kahawa, akanywa, akakirudisha, bila hata kumtazama. Sijui ni lipi liliniuma zaidi. Mbwa alikuwa amempata mwanaume wake mwingine. Mimi ningempata wapi?

Wiki kadhaa baadaye dada aliniambia, kwa upole, "Mama, kazi yako ya kutunza wazee ina zamu ndefu. Si tukae na mbwa wikendi? Bwanangu anampenda sana."

"Donc unayo bwana, na sasa unataka na imbwa yangu," nilimjibu.

Nikamfunga mbwa kamba nikaondoka.

Tangu hapo nilikwenda asubuhi mapema, nisikutane nao. Mbwa alisalimiana na wenzake vizuri, hakuuma, hakujificha. Kisha alikwenda kukaa langoni. Kila lango lilipolia aliinua kichwa, akakishusha. Nilikuwa nimemchukua kutoka mlango mmoja nikamweka kwenye mwingine. Nilimtazama hivyo asubuhi nyingi kuliko ilivyofaa, na sehemu ya moyo wangu ilifurahi kwamba sasa tuko sawa.

Jumamosi moja nilirudi ile saa ya zamani. Dada alinisogezea nafasi kwenye benchi. "Habari ya siku nyingi, mama," alisema, basi. Mumewe alipofika mbwa alikimbia vilevile, na yule bwana hakuinama. Alinitazama kwanza, mikono pembeni, kama mtu anayebisha hodi.

"Mushike," nilisema. "Lakini Jumapili jioni umurudishe."

Akamwinua. Niligeuza uso nikatazama barabara, kwa sababu wivu ulikuwa umenijaa, na sikutaka waone.