Pamba Ndani ya Pikipiki

Kwa miaka mingi sebule yetu pale Bariadi ilikuwa na mgeni asiyeaga: pikipiki ya mume wangu. Wageni wengine walikalishwa nje kivulini, kwa sababu viti vilisogezwa ukutani na sakafuni palitandikwa gunia la kunyonya oili. Watoto wangu walijifunza kusimama wakishikilia tairi lake la nyuma. Nikilalamika, mume wangu alinijibu kwamba hakuna mtu anayelaza ng'ombe wake nje ya boma, na huyo ndiye ng'ombe wetu.

Alikuwa bwana mifugo wa serikali. Pikipiki ilikuwa ya ofisi, ndefu, yenye tenki kubwa la safari za mbali. Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipokolea na wafanyakazi wakaanza kupunguzwa, jina lake lilitoka, naye akaomba apewe pikipiki badala ya sehemu ya kiinua mgongo. Mimi nilitaka mashine ya kusaga. Aliniambia majosho yamekauka na wafugaji wameachwa wajitafutie, kwa hiyo mtu mwenye dawa na usafiri hawezi kulala njaa. Kwa muda mambo yalikwenda alivyosema. Alizunguka Maswa na Meatu yote, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, na tukala.

Safari zile zilidai vifaa ambavyo havikuwepo dukani, akavitengeneza mwenyewe. Keria ya nyuma na vyuma vya kukinga injini vilitoka kwenye kitanda changu, kile cha chuma nilichokuja nacho nilipoolewa. Nilirudi kutoka shambani nikakuta godoro liko chini na fundi wa kuchomelea ameshaondoka. Sikumsemesha wiki nzima. Mifuko ya pembeni ya kubebea dawa aliishona kwa turubai, kizuia tope akakikata kwenye tairi la lori, na mbele akafunga kipande cha plastiki ngumu cha kuvunja upepo. Ilipendeza, siwezi kukataa. Watu walisimama njiani kuitazama.

Jumapili sisi tulikwenda kanisani, yeye akabaki na ibada yake. Aliivua cheni akailoweka kwenye mafuta ya taa. Plagi aliisugua kwa msasa, na nafasi ya cheche akaipima kwa wembe. Kila nati aliigusa, akaikaza, akaifuta. Alikuwa mpole kwa vyuma kuliko alivyokuwa kwetu, na hilo liliniuma kuliko habari ya kitanda.

Shida ilianzia kwenye kichujio cha hewa. Sponji yake ilizeeka ikaanza kumegeka. Wakati huo maduka ya Bariadi yalikuwa yamefurika sabuni za kila rangi, redio, vitenge na biskuti za kutoka sijui wapi. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sukari tulijiona tumefika. Lakini sponji ya pikipiki ile haikuwepo Bariadi, Shinyanga wala Mwanza. Wenye maduka walileta vipuri vya pikipiki ndogo mpya tu, hizo ndizo zilizokuwa na wateja.

Na ndani kwetu kulikuwa na pamba. Msimu ule ushirika ulishindwa kununua, na wanunuzi binafsi walikuwa wanaringa, kwa hiyo mavuno yetu yalirundikwa sebuleni humo humo mpaka yakaziba dirisha. Mume wangu aliyatazama siku nzima. Kisha akachota pamba, akaitoa mbegu, akailoweka oili, akaishonea ndani ya kipande cha chandarua na kuipachika mahali pa sponji. Pikipiki ikawaka mara moja. Akacheka kwa sauti, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu apunguzwe.

"Angalau na pamba yetu imepata kazi," akasema.

Kuanzia hapo kila Jumapili alibadili pamba, na wenye pikipiki wengine walikuja kujifunza kwake. Hakuna aliyewaza kwamba vumbi la kule mbugani, jepesi kama unga wa muhogo, linapita kwenye pamba bila hodi. Liliingia kwenye injini likawa linasaga kidogo kidogo. Ukaanza moshi mwembamba wa buluu, halafu mzito, mpaka majirani wakawa wanaanua nguo wakisikia anawasha. Badala ya kuifungua injini, yeye alipaka tenki rangi mpya na kuongeza taa ya pili mbele. Nilimwambia anamvalisha mgonjwa suti. Akanuna. Sasa naelewa kwamba aliogopa. Akiifungua akakuta imekwisha, vipuri havipo, na sisi tumekwisha pia.

Wateja nao walipungua. Dawa za mifugo zilianza kuuzwa kila duka, rafu moja na chumvi na betri, na wafugaji wakawa wanawachoma sindano ng'ombe wao wenyewe. Alibaki mzee mmoja wa kijiji cha Kimali, mwenye ng'ombe wengi, ambaye hakuruhusu mtu mwingine yeyote aguse ndama wake. Salamu zake zikifika, nyumba yetu ilikuwa na uhakika wa chakula mpaka msimu mwingine. Tulikuwa tumebaki naye yeye tu.

Siku moja salamu zikaja: ndama wamevimba tezi na wanakohoa. Ilikuwa ndigana. Hata mimi, kwa kuishi na bwana mifugo, nilijua dawa ya ndigana inafaa ikiwahi tu. Mume wangu aliikagua pikipiki jioni nzima, akaweka pamba mpya, akaondoka asubuhi na mapema.

Injini ilinoki, ikagoma kabisa, baada tu ya kupita Nyalikungu. Aliisukuma na mavyuma yake yote mpaka akapata nyumba ya watu wa kuihifadhi, kisha akatembea, akapata lifti ya lori, akatembea tena. Alipofika Kimali siku ya pili, ngozi za ndama zilikuwa zimewambwa juani. Mzee hakumgombeza. Alimkaribisha, akampa maziwa, akamwonyesha pa kulala. Mume wangu aliniambia angeona afadhali kama angetukanwa.

Pikipiki ililetwa nyumbani juu ya lori la mizigo. Safari hii aliifungua. Aliitoa pistoni, akaiweka kwenye gunia, akaingiza kidole ndani ya silinda na kukizungusha polepole. Kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzwa vibaya.

"Mama," akaniambia, "nimeiua kwa mkono wangu. Kila Jumapili."

Nilikuwa na maneno niliyoyahifadhi miaka. Badala yake nikamletea maji ya kunawa. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja.

Baada ya muda yule mzee wa Kimali alikuja kwetu, akitokea Lamadi. Alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikamwitikia na kukimbilia kubandika chai. Nilijua kimemleta nini: amekuja kumwita mume wangu kwa ng'ombe wake. Mume wangu naye alijua hivyohivyo. Alivaa shati safi, akakaa, akaanza kueleza bila kuulizwa kwamba sasa atatumia basi, kwamba akipata taarifa mapema atafika mapema, na kwamba kwa ng'ombe wa mzee yule atatembea hata kwa miguu. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akatoa chupa ya dawa kwenye mfuko wa koti na kuiweka mezani.

"Daktari," akasema, "ng'ombe hawakujua kungoja. Hii nimeinunua mwenyewe. Kusoma sijui. Nifundishe kipimo cha ndama na cha mkubwa."

Chai ilinichemkia ikamwagika motoni. Nilitamani mume wangu akatae, aseme kichwa kinamuuma, aseme lolote lile. Yeye aliichukua chupa akaisoma yote, pamoja na maandishi madogo. Akamweleza mzee, akamtaka arudie. Mzee alikosea, akamrekebisha kwa upole, wakarudia mpaka akapatia. Kisha akaingia chumbani akaleta sindano yake ya kazi, akaijaza maji, akamwonyesha mistari na kumwelekeza achome kwenye papai. Mzee alichoma vizuri. Alipotaka kuirudisha sindano, mume wangu alimwambia aende nayo, ila kila akimaliza asisahau kuichemsha.