Kompyuta Iliyomgomea Shangazi

Shangazi yangu ni karani wa shule ya msingi. Wanafunzi wanamwita Mama Muhuri, kwa sababu muhuri wa shule hautoki mezani kwake. Hata mwalimu mkuu akitaka kugonga barua, barua ndiyo inayokwenda kwa muhuri.

Alianza kazi enzi za taipureta. Kompyuta ilipoletwa, walimu walidhani ataikimbia. Badala yake aliipokea kama mkwe. Aliitandikia meza kitambaa, akaigusa kwa ncha ya kidole mpaka wakazoeana, kisha akaishonea nguo.

Dirisha la ofisi yake linatazama uwanja wa michezo, na kila mapumziko vumbi huingia kama limealikwa. Kwa hiyo skrini ilipata shela, kibodi ikapata shuka, na sipiyu, yaani lile sanduku la kusimama, likapata gauni la bluu linaloshuka kutoka kichwani mpaka miguuni, lastiki kwenye pindo, mgongo wazi ili nyaya zipumue. Mbele alidarizi ua jekundu. Nyuma ya ua, kwa ndani, alishona kifungo kigumu cha koti, palepale kilipo kitufe cha kuwashia. Hakuwa na haja ya kuivua mashine. Alibonyeza ua, ikaamka. Mwalimu wa hesabu alikuja kutazama, akasema hata mke wake hana gauni kama lile.

"Hayo kamweleze mkeo," shangazi alimjibu.

Jumatatu moja, siku moja kabla ya mitihani, alinipigia simu. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasoma riwaya na kusubiri kazi.

"Njoo. Mashine imekataa kuamka."

"Shangazi, mimi nilisoma fasihi."

"Si chuo kikuu? Au mlikuwa mnacheza kombolela huko?"

Nilienda. Nilibonyeza ua, kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kimya. Shangazi akalishika gauni na kulitikisa, na hapo feni ikaunguruma, taa ikawaka, skrini ikaanza kutusalimia. Kufumba na kufumbua, giza.

"Umeona?" alisema. "Inaamka, inakoroma, inalala."

Nikakagua soketi. Nikachomoa nyaya na kuzichomeka tena, uso nimeukunja kama mtu anayejua anachofanya. Mwisho nikainama nyuma ya sanduku na kupuliza.

"Ulisoma miaka yote ile uje kuipulizia kama chai?"

Kabla sijajibu, mwalimu mkuu aliingia. Ni mtu mpole, na mambo mazito huyasema kwa sauti ya kuomba radhi.

"Mama Muhuri, mitihani ni kesho na bado haijachapwa. Naibu wangu anasema vumbi la hapa ndilo linaloizima, na ofisini kwake pana nafasi. Kama mpaka kengele ya mwisho mashine haijawaka, basi ihamie kwake, achape yeye. Wewe utatusaidia kule stoo ya vitabu."

"Sawa, mwalimu," alisema shangazi.

Alipotoka, shangazi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi, ingawa ilikuwa safi. Stoo ya vitabu haina dirisha. Haina benchi la wageni pia. Mezani kwake ndipo anapokaa mtoto mwenye homa akisubiri mzazi, ndipo wanapofika akina baba waliosahau watoto wao wako darasa la ngapi. Huko stoo angekaa na panya na atlasi.

"Mwite fundi," aliniambia.

Fundi ana duka ng'ambo ya barabara. Alikuja na bisibisi sikioni na maneno mengi mdomoni.

"Kwanza mvueni huyu mgonjwa," aliamuru.

Shangazi akalivua gauni taratibu, kama nesi. Fundi akafungua sanduku, akatoa brashi, akatafuta vumbi asilione, akaonekana kuudhika kidogo. Akagusagusa waya huu na ule, akafunga, akabonyeza. Mashine ikawaka, ikatulia, ikaonyesha hata picha ya maua ambayo shangazi aliiweka.

"Waya ulilegea," fundi alisema, akaondoka kifua mbele.

Shangazi akashukuru, akaivika mashine gauni lake, akavuta kiti. Hajakaa vizuri, ikazima.

Nilivuka tena barabara. Fundi alirudi ananitazama mimi kwa jicho la mashaka.

"Mmeifanya nini?"

"Hatujaigusa," nilisema. Na niliamini hivyo.

Akaivua, akabonyeza, ikawaka bila kinyongo. Safari hii alikuna kichwa kwa bisibisi. "Basi ni pawasapulai, hii inayoilisha umeme. Inachoka. Ipumzisheni."

Naibu alikuwa amefika na kikombe chake, ameegemea mlango kama mtu aliyekata tiketi ya sinema.

"Mama Muhuri, mimi naona haikutaki wewe. Akishika fundi inacheka, ukishika wewe inazimia."

"Naibu, rafu ya kuiweka umeshaipangusa?"

"Zamani!"

"Kaipanguse tena."

Naibu akaenda zake akicheka, na fundi akarudi dukani. Shangazi akaivika mashine, akasimama kando mikono nyuma, asije akasingiziwa. Ikazima.

Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha kwa saba na kukosea palepale kila mara.

"Inaniogopa?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Nikaanza kunyoosha pindo la gauni, mradi mikono yangu ipate kazi, lakini halikunyooka. Shangazi akaniondoa mkono ili alivute mwenyewe, nalo likagoma.

"Mbona linabana?"

"Nini?"

"Gauni. Hapa kiunoni lilikuwa linapwaya, kiganja kinapita. Nililifua Jumamosi, maji ya moto, nikalianika juani..." Akaingiza mkono kwa chini, kwa shida, mpaka kwenye ua. Uso wake ukabadilika. "Livue. Upesi."

Nikalivua.

"Sasa bonyeza kitufe kwa kidole. Usiachie."

Nilibonyeza. Feni ikaunguruma, taa ikawaka, skrini ikaanza kusalimia. Kidole changu kikiwa bado palepale, ikazima.

"Achia. Bonyeza tena, halafu achia."

Ikawaka, ikabaki inawaka.

Gauni lilikuwa limerudi na kupungua baada ya kufuliwa, na kile kifungo cha koti kilikuwa kinakikandamiza kitufe bila kupumzika. Shangazi alijitupa kitini.

"Nimeikaba koo kwa mikono yangu mwenyewe. Na nilikuwa nainyooshea kola!"

Niliangua kicheko, kisha nikakumbuka naibu. Nikashusha sauti. "Tuseme ni waya. Fundi mwenyewe alishasema ni waya. Gauni tulifiche, nani atajua?"

Alilikunjua gauni mapajani, lile ua jekundu juu.

"Nikificha, kila umeme utakapokatika watasema mashine hainitaki. Nenda kamwite mkuu. Na huyo mwenye kikombe naye aje."

Walipofika, hakueleza kitu. Aliivika mashine mbele yao, ikazima. Akaivua, akabonyeza, ikawaka. Akarudia. Mwalimu mkuu alitazama gauni, akatazama sanduku, midomo ikaanza kumcheza, kisha akaketi kwenye benchi la wageni akicheka mpaka machozi.

Naibu hakucheka. "Kumbe kosa lilikuwa lake!"

"Ni langu," alisema shangazi. "Na aliyeligundua ni mimi. Ungeihamisha leo ingewaka kwako bila gauni, nawe ungejiita fundi mpaka ustaafu."

Mwalimu mkuu alijifuta macho. "Naibu, rudisha vitabu vyako rafuni." Akamgeukia shangazi, ile sauti ya kuomba radhi imemrudia. "Lakini Mama Muhuri, hilo gauni..."

Shangazi alikuwa ameshachukua mkasi. Alikata nyuzi za kifungo, kikadondoka na kubingirika chini ya kabati. Kisha akatoboa tundu katikati ya ua alilolidarizi mwezi mzima. Nilifumba macho, yeye hakufumba. Akaivika mashine, akapitisha kidole kwenye tundu, akabonyeza na kuachia. Sote tulisubiri, hata naibu, kikombe hewani. Feni iliendelea kuunguruma.

"Haya, msomi," aliniambia bila kugeuka, vidole vimeshafika kwenye kibodi. "Usinisimamie kama nguzo. Leta karatasi, mtihani wa darasa la tano hautajichapa."