Miwani ya Chupa

Fundi cherehani wa soko la Rumonge alikuwa na macho mabovu, lakini hakukubali kusomewa gazeti na mtu. Alilaza chupa nyeupe iliyojaa maji juu ya mistari, herufi zikavimba, akawa anaisukuma polepole kwa kidole gumba. Chupa hiyo aliiita miwani. Ramadani ya kwanza baada ya uhuru, kila adhuhuri aliingia nayo nyuma ya pazia kupumzisha macho, nayo ilirudi maji yamepungua. “Ni jua,” alisema. Siku moja Mwanvua, jirani yake aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akatia humo chumvi. Fundi alitoka nyuma ya pazia amekunja uso.

“Nani ametia chumvi mu miwani yangu?”

Mwanvua hakuacha kupanga ndagala zake. “Umejuaje, fundi?”