Pembe za Sponji

Yule mama anayetengeneza maleba ya wacheza ngoma pale Masumbwe huanika pembe zake chumbani, mlango ukiwa umefungwa, maana mwanamke wa umri wake akionekana na pembe, watu huwaza uchawi. Huchonga sponji ya godoro kuukuu, huipaka udongo wa kichuguu uliokandwa na gundi, kisha huipimapima kiganjani, isije ikaumiza shingo ya mchezaji. Kila akisikia hatua uani, mkono wake husita.

Jana mchana mchimbaji mmoja wa dhahabu aliusukuma mlango akaingia bila hodi.

"Shikamoo, mama. Nipe moja nikaiweke shimoni, kwenye duara letu la dhahabu, tupate mali."

"Marahaba, baba. Hizi ni za ngoma. Ni godoro tu."

"Usinifiche, mama."

Kwa hofu mama akaikunja pembe moja mbele yake, ajionee mwenyewe. Udongo ukapasuka, na alipoiachia, pembe ikajinyoosha taratibu. Kijana akarudi nyuma hadi ukutani.

"Iko hai!" akapiga kelele, akatoka mbio.

Mama akamfuata nje ili amweleze. Majirani walikuwa wamekwisha kusimama milangoni. Akawasalimu. Hakuna aliyeitikia.