Nilivyotilia Shaka Mbuzi wa Ntheo

Hadi leo nikisikia mbuzi akilia masikio yangu yanawaka moto, kwa hivyo wacha niwaambie tu yaliyonipata Nunguni, mcheke mmalize.

Ilikuwa siku ya ntheo, siku ambayo kwetu Ukambani familia ya kijana hupeleka mbuzi kwa kina msichana. Mbuzi wakipokelewa, mmekubaliwa, na wakirudishwa, hakuna cha kuuliza. Baba mdogo Mutua, msemaji wetu, alikuwa amenionya kwamba kazi yangu ni kula na kunyamaza.

Ningenyamaza, lakini baba yake mchumba wangu Nduku, mzee wa kanisa, mtu mpole kabisa, akaniuliza ninafundisha nini pale chuoni. Ningesema falsafa nikatulia, lakini mimi nina ugonjwa wa kueleza, nikaanza, taratibu kama kwa wanafunzi wapya, kwamba zamani huko Ulaya kulikuwa na mtu aliyetaka kupata jambo moja tu la hakika, basi akaamua kutilia shaka kila kitu, kwanza macho yake, maana macho hudanganya, halafu hata kama yuko macho au anaota. Wazee wakawa wanaitikia vizuri, nami nikatafuta mfano wa karibu.

"Kwa mfano wale mbuzi pale nje," nikasema. "Tuna hakika gani kwamba wako?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu, nikadhani ni bahati mbaya.

Mzee akaweka kikombe chini, akauliza kama nimemletea mbuzi ambao mimi mwenyewe sina hakika nao. Nikamwambia asijali, hiyo ni hatua ya kwanza tu. Mama yake Nduku akauliza, na Mungu je, nikasema hata yeye anawekwa kando kidogo, anarudi baadaye. Ndipo Nduku, aliyesimama mlangoni na birika la chai, akauliza polepole:

"Na mimi, Mwalimu?"

"Hata wewe. Kwa sasa."

"Ukishatuondoa sisi wote, nani anabaki?"

Jamani, jibu ni moja tu, na wanafunzi wangu hulipenda sana.

"Mimi," nikasema. "Mimi ninayefikiri."

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonishtua zaidi. Mzee alitoka nje, akafungua kamba za mbuzi kwa mikono yake mwenyewe.

"Mutua, chukueni mbuzi wenu," akasema. "Kijana akishajua kama wako, mtatuambia."

Linaloniuma ni kwamba nilikuwa katikati ya somo. Yule mtu wa Ulaya hakuishia kwenye nafsi yake. Kutoka hapo aliijenga dunia upya, yote. Lakini yeye alifikiria hayo akiwa peke yake chumbani, hakuna mkwe wa kumkatiza.

Juzi Nduku alinipigia simu. Alikuwa tayari kuniombea kwa baba yake, ila alitaka kujua kama katika kule kurudi kwa waliowekwa kando yeye angekuwa wa kwanza. Nikaanza kumweleza kwamba wa kwanza ni Mungu, halafu zinafuata hesabu, halafu vitu vinavyoshikika.

Akakata simu.

Sasa nimeapa. Nikipata bahati ya kukaa tena mezani kwa mzee yule, akiniuliza ninafundisha nini, nitaomba chumvi.